Neno "Damu" kwa Kalamu

Mimi subira sina, na sijawahi kudai ninayo. Lakini mdogo wangu alipotokewa na uvimbe kwenye titi nilijikaza. Hospitali wakamkata kipande cha nyama cha kupima, wakasema tusubiri, tukasubiri.

Majibu yakarudi na neno refu la kuvunja ulimi. Chini yake mtu wa maabara kaandika kwa kalamu: "Damu." Basi. Karani wa kliniki ya matiti akaangalia, hata macho hakuinua: "Leteni watu wa kuchangia damu. Mtapangiwa upasuaji, titi litolewe."

Nikahangaika kama kuku anayetaka kutaga! Shemeji, wifi, mafundi wenzangu wa cherehani, wote niliwaburuta wakatolewe damu. Fundi mmoja mnene akazimia kabla ya sindano kumgusa, tukacheka. Mdogo wangu hakucheka. Alishaacha kujitazama kwenye kioo.

Siku ya kulazwa, uvimbe ulikuwa umeongezeka na fizi zinamvuja damu. Muuguzi ananiambia ni kawaida. Kawaida ya nani? Nikaja juu, wodi nzima ikanisikia, mpaka daktari wa magonjwa ya damu, mama mfupi wa miwani, akatoka kuona kuna nini. Akachukua ile karatasi.

"Nani kawaambia titi likatwe?"

"Si nyinyi!"

"Dada yangu, hapa hakuna aliyeomba damu. Uvimbe wenyewe ni saratani ya chembe za damu, zile changa, zimejikusanya kwenye titi. Ni nadra sana. Unatibiwa kwa dripu za dawa kali, kisu hakiumalizi. Hilo neno maana yake mpelekwe kliniki ya damu; hii karatasi ilitakiwa ije kwangu siku ileile."

"Siku ipi?"

Akatazama tarehe. "Wiki tatu zilizopita."

Jamani! Wiki tatu nakusanya damu za watu! Nikateremka mbio kumtafuta karani. Yuko likizo.

Wakamchoma mdogo wangu sindano kwenye nyonga kupima uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kesho yake daktari akatuambia ugonjwa umeshafika huko, dripu inaanza leo, na hatatuahidi kitu.

"Angalau titi linabaki," nikasema.

"Wiki tatu nimeliaga titi, dada. Kumbe nilitakiwa kujiaga mimi."

Nikamfokea anyamaze, huku nimemshika mkono. Ulikuwa wa moto.