Maabara ya Siku Tatu

Sisi wanawake wa Mombasa tuna dawa ya vyombo visivyorudi. Jirani akiwa na arusi, sufuria zako zitakwenda na masinia yako yatakwenda, na usipoyatia alama utarudishiwa ya mtu mwingine yaliyotoboka. Kwa hivyo kila chombo hupigwa alama ya rangi ya kucha kwenye kitako. Nilipoajiriwa kuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari huku Kisauni, nilifanya vivyo hivyo. Hadubini sita, mizani mbili, bika na neli zote za vioo, kila kimoja kilipata herufi K nyekundu na kitone ubavuni. Mwalimu mkuu, Bwana Erastus, aliponiona akacheka, akaniuliza kama nitavipaka na hina. Nikamwambia acheke tu. Kwa miaka tisa maabara ile haikupoteza hata kijiko.

Jumatatu moja Bwana Erastus akaniita ofisini. Palikuwa na mgeni, kijana wa makamo aliyevaa suti katika joto la Machi, jasho likimtiririka na tai hailegezi. Alikuwa Bwana Maxwell, meneja wa Pwani wa Mamlaka ya Kulinda Maji na Hewa.

"Madam Kulthum," akaanza, "tunaomba hizi vitu za maabara kwa siku tatu tu. Kamati ya Bunge inakuja Jumatano kuangalia vile bajeti yetu imetumika. Maabara yetu iko tayari, ni vifaa tu zimechelewa bandarini."

"Vimechelewa," nikasema.

"Eeh, zimechelewa."

Nilimwacha na Kiswahili chake. Kilichonichoma ni lile neno maabara. Miezi saba nyuma nilipeleka kwenye mapokezi ya Mamlaka hiyo chupa ya maji ya kisima chetu cha Mtopanga. Kisima hicho kiko hatua kumi na mbili kutoka vyoo vya shimo, nimezihesabu mwenyewe, na mwenye kisima anauza maji yake ndoo kwa ndoo. Binti wa Kahaso, jirani yangu mlango kwa mlango, alilazwa mara mbili kwa kuhara. Mara ya pili alirudi amekonda hata nikashindwa kumtazama usoni. Tulikwenda kwa Chifu Ngowa tukamwomba akifunge kisima. Akasema hawezi kumfungia mtu riziki yake kwa maneno ya wanawake; tumletee karatasi ya Mamlaka yenye saini na muhuri. Ndipo nikapeleka chupa. Jibu lilikuja kwa barua: Mamlaka haina maabara Kisauni, wala haina bajeti ya kujenga moja, tafadhali vuta subira. Chini ya barua ile palikuwa na saini ya huyu huyu Maxwell.

Kumbe bajeti ilikuwapo. Milioni thelathini na nane, alizitaja mwenyewe pale ofisini kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Zilikuwa zimekwisha kuliwa, na sasa waliokula walitaka kuazima sahani ili waonekane walipika. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

"Na ukumbuke, Kulthum," Bwana Erastus akasema huku akitazama dirishani, "mkataba wako na bodi unaisha Disemba."

Nikasema sawa. Tena nilisema kwa adabu, na mtu anayenijua angepata wasiwasi. Nilitoa sharti moja: vyombo nimevitilia saini mimi, basi vinapokwenda nami nakwenda. Maxwell akafurahi kupita kiasi. Akasema hata ni bora, nitavaa koti jeupe nisimame kando ya hadubini niwe mtaalamu wa maji. Wakiniuliza, niseme tunapima sampuli arobaini kwa mwezi.

Maabara yenyewe ilikuwa saluni. Nasema saluni nikimaanisha saluni: walikodi duka la Lynnette, msusi aliyehamia Bamburi, kwa sababu lilikuwa na masinki. Masinki yale yana kile kishimo cha mbele cha kuwekea shingo unapooshwa nywele. Nje walitundika kibao kipya chenye nembo ya serikali, ndani wakapaka rangi nyeupe, na juu ya meza Maxwell akapanga fomu zilizochapwa vizuri, zimeandikwa Cheti cha Majibu ya Maji, pamoja na muhuri na kidau cha wino. Vitu vya kupendezesha meza tu. Mimi nilipoziona fomu zile, roho ikanituma.

Jioni ile ile ya Jumatatu nikamwambia Kahaso anichotee maji ya kisima. Iko njia moja ya kupima maji pasipo na mashine kubwa. Unatia kwenye chupa safi karatasi iliyolowekwa dawa na kukaushwa, unajaza maji, unafunga, unaacha kwenye joto. Maji yaliyoingiwa na kinyesi hugeuka meusi kwa siku mbili. Yaliyo safi hubaki kama yalivyo. Karatasi hizo mimi huzitengeneza kila mwaka kuwafunza kidato cha tatu. Nikajaza chupa mbili, moja maji ya kisima, nyingine maji ya dukani ya kunywa, nikaandika tarehe na saa, nikazifungia katika kabati ambamo Lynnette alikuwa akiweka mafuta ya nywele. Kwa joto letu, hazikuhitaji zaidi.

Jumatano kamati ikafika na magari manne. Walikuwa wabunge watano, karani wao mwenye daftari, na wapiga picha. Mwenyekiti alikuwa mtu wa bara, mnene, mcheshi, aliyeuliza mara mbili chakula cha mchana kiko hoteli gani. Nyuma yao aliingia mama mmoja wa makamo amevaa buibui, Mheshimiwa Nadira, mzaliwa wa Likoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa utuvu, akalitazama koti langu ambalo lilinibana mabegani.

Maxwell akahutubia. Mwananchi akileta maji hapa, alisema, baada ya siku mbili anapata majibu na cheti, bila malipo. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa ridhaa, akamwambia karani aandike: maabara imeonekana na inafanya kazi. Kisha akageukia wapiga picha.

"Hebu tuone cheti kimoja kikitolewa," akasema. "Wananchi wapende hiyo."

Maxwell akaanza kuzipanga upya fomu zake tupu. Nilikuwa nimeomba Mungu anipe nafasi, na sikujua ingenijia kwa mlango wa picha.

"Kiko kimoja tayari, Mheshimiwa," nikasema.

Nikafungua kabati. Chupa ya maji ya dukani ilikuwa nyeupe. Ya kisima ilikuwa nyeusi ti, kama kahawa ya kibaraza. Nikaziweka zote mbili juu ya meza, nikachukua fomu, nikaijaza mbele yao: kisima cha Mtopanga, maji yana kinyesi, hayafai kwa matumizi ya binadamu. Nikamsogezea Maxwell kalamu.

"Ni saini yako tu, Bwana Meneja."

Nilimwona akipiga hesabu. Kamera zilikuwa usoni mwake, mwenyekiti anatabasamu, karani kalamu hewani. Akitia saini, atakuwa amemhukumu mwenye kisima asiyemjua. Asipotia, atakuwa ameungama kuwa hana maabara. Akatia saini. Akapiga na muhuri, tena kwa nguvu. Mwenyekiti akashika cheti upande mmoja, mimi upande wa pili, tukapigwa picha. Kisha nikakikunja nikakitia ndani ya koti.

Ningeishia hapo. Karatasi nilikuwa nayo.

Lakini Mheshimiwa Nadira alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa ameishika mizani mkononi, na kwa mazoea ya mwanamke aliyewahi kutafuta sinia lake nyuma ya jiko la arusi, akaipindua. Akatazama kitako. Akaiweka, akapindua bika. Akapindua na hadubini. Maxwell akamtazama kama anayeona mtu akichezea vioo tu.

"Mwanangu," akaniita.

"Abee."

"Vyombo hivi vya nani?"

Maxwell alinitazama kwa macho ya kuomba, na haki ya Mungu, nilimwelewa. Nikisema kweli, cheti changu kinaingia mashakani. Maabara ya uongo itatoaje majibu ya kweli? Nikinyamaza, kisima chetu kinafungwa kesho, mtoto wa Kahaso anapona, nami nabaki na kazi yangu. Na mwakani Mamlaka inapewa milioni nyingine kwa saluni nyingine. Lakini kulikuwa na mama wa Timbwani, na mama wa Changamwe, wenye chupa zao mkononi na barua ya kuvuta subira. Wao wangepimiwa wapi? Hawana fundi wa shule mwenye kinyongo. Nikasema moyoni, liwalo na liwe.

"Vya shule, Mama," nikasema. "Vyote. Vimekuja Jumatatu na kesho vinarudi. Mimi si mtaalamu wa Mamlaka, ni fundi wa maabara wa wanafunzi. Na hili lilikuwa duka la msusi, tazameni masinki."

Wabunge wakayatazama masinki. Mmoja akajishika shingo bila kujijua.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," Mheshimiwa Nadira akasema polepole. "Karani, andika hayo kama yalivyosemwa. Usipunguze."

Maxwell akaanza kueleza habari za bandari na makontena, maneno yakimfuatana mbio mbio. Mwenyekiti akampungia mkono anyamaze, kisha akanigeukia mimi, ucheshi umemwisha.

"Basi na hicho cheti lete. Kama hii si maabara, hicho ni batili."

Akanyosha mkono. Koti sikulifungua.

"Sikupi, Mheshimiwa. Dakika kumi zilizopita mmeandika kuwa hapa ni maabara na inafanya kazi, na picha umepiga wewe. Kama ni maabara, maji ya Mtopanga yana mavi na kisima kifungwe. Kama si maabara, basi Bunge litwambie milioni thelathini na nane zimekwenda wapi. Mimi nimeleta chupa mbili. Nyinyi chagueni moja kati ya hayo mawili, maana yote mawili ya bure hamuyapati."

"Unaongea na nani hivyo?" akafoka.

"Na mtu niliyemtuma Nairobi kwa kura na kodi yangu," nikasema. "Hata kama hukupita kwetu kuziomba."

Mheshimiwa Nadira akakohoa, na nadhani alikuwa anaficha kicheko. Akamwambia karani aandike na hayo pia, kisha akamtaka Maxwell alete stakabadhi zote za ununuzi kabla ya Ijumaa, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyeuliza tena habari za chakula cha mchana.

Nilirudisha vyombo Alhamisi, nikavihesabu mbele ya Bwana Erastus, vyote vikatimia. Naye akanikabidhi barua ya bodi. Hawakungoja Disemba. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, ila hakunitazama machoni. Nikamshukuru kwa miaka tisa, nikamwambia ufunguo wa kabati la asidi unakwama, augeuze kwa kuunyanyua kidogo.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Kahaso, na mimi na yeye na akina mama wengine kama ishirini tukamfuata Chifu Ngowa, tukaja naye mpaka kisimani. Mwenye kisima alikuwa amekwisha kufika, amekalia kifuniko. Chifu akavaa miwani, akasoma cheti chote, akaugusa muhuri kwa kidole.

"Nimesikia redioni," akasema. "Wanasema maabara hii ilikuwa ya kuigiza. Karatasi hii ina mgogoro, Bi Kulthum. Ngojeni kwanza Bunge litoe ripoti yake."

"Lini, Mzee?"

"Huenda mwezi wa sita. Wa saba. Mimi ni mtu wa serikali, siwezi kulitangulia Bunge."

Mwenye kisima akacheka. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyamaliza saluni. Nilihisi machozi ya hasira yananipanda, na nilichukia kwamba yangeonekana.

Kahaso akamwambia mwenye kisima ainuke, na kwa vile alivyomtazama, yule mtu akainuka. Akateremsha ndoo, akavuta, akajaza kikombe cha plastiki cha bintiye, kile cha rangi ya waridi chenye mkono uliovunjika. Akamletea Chifu kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo, kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima.

"Kunywa, Mzee wangu," akasema. "Ukimaliza hicho, sisi tutakwenda nyumbani kungoja Bunge. Wala hutatusikia tena."

Akina mama wakasogea, wakamzunguka. Chifu Ngowa akakipokea kikombe. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu, na mtu asiyejua angeyanywa. Akakitazama, akamtazama mtoto wa Kahaso aliyesimama ameshika leso ya mamake, akatutazama na sisi.

Kisha akakimwaga chini, akamgeukia mwenye kisima.

"Leta kufuli," akasema.