Mayai ya Tausi Chini ya Kuku Mwekundu

Jamani, nisiseme uongo: siku ile nilitamani kumtimua mama mkwe wangu mpaka kwao Mahurunga, bila hata maji ya kunywa.

Mume wangu Amiri anatunza tausi wa tajiri mmoja hapa Ufukoni, na chumba tunacholala na watoto ni cha tajiri huyohuyo. Mbwa akamuua tausi jike, mayai matatu yakabaki. Tajiri akawaka: yakianguliwa, tunabaki, yasipoanguliwa, tufungashe. Basi Amiri akamwekea kuku wangu mwekundu ayaatamie. Yule tausi dume akabaki peke yake uani, anatandaza mkia wake mrefu na kuutikisa mbele ya ukuta, mtama hagusi, analia kama paka. Na mimi roho juu kila siku.

Bi Hawa, mama mkwe, akaja kututembelea. Asubuhi nikaenda Chikongola sokoni. Kurudi, namkuta kuku wangu kalowa chapachapa, anatetemeka.

"Nimemchovya kwenye ndoo ili aache kuatamia," Bi Hawa akasema, mwenyewe kafurahi. "Jirani kaniambia wiki tatu zimeshapita. Mkwe wangu, unamkondesha kuku kwa mayai viza!"

"Mama, mayai yako wapi?"

"Nimeyatupa shimoni."

"Ya tausi yale, mama! Tausi anataka wiki nne! Umetumaliza!"

Akashika mdomo. "Nilidhani ya kuku wa kizungu."

Nikaruka kwenye shimo la taka, sikujali vipande vya chupa. Mawili yalikuwa yamepasuka. Ndani ya moja kifaranga kilikuwa kinapumua bado, kikatulia mkononi mwangu nikikitazama. La tatu lilikuwa zima, lakini baridi.

Tukamrudisha kuku kwenye kiota, akatoka. Tukamrudisha tena, akatoka. Nikalifunga yai tumboni kwa kanga, ngozi kwa ganda, nikakaa chini nikimlilia Mungu kwa sauti.

Amiri akaingia na kopo la mchwa. Alikuwa ametoka kuwachimba, maana vifaranga vya tausi hupenda wadudu. Akaitazama ndoo, akamtazama mama yake, akanitazama mimi na lile yai moja tumboni.

"Limepata joto?"

"Bado."

Akaweka kopo chini, akaingia chumbani, nikamsikia anakunja mikeka. Mimi sikuinuka.