Mlio wa Kinu

Darasa zima liliangua kicheko kabla msomaji hajafika mwisho wa sentensi. Mwalimu Scholastika, aliyekuwa amekaa nyuma kama mgeni, akatabasamu naye, maana kitabu kilikuwa chake na alikuwa ametoka Nachingwea kuja kuona watoto wa Mandawa wanavyokipokea. Kisha akaona wote wamegeukia upande mmoja. Kando ya dirisha, Shakila alikuwa amelaza uso juu ya dawati.

Tabasamu likamkauka mdomoni.

Kabla ya kuhamishiwa Nachingwea, Scholastika alifundisha shule hiyo hiyo. Siku moja alimkuta Shakila, wakati ule bado mdogo, akisinzia darasani, akamwita pembeni na kumbembeleza aseme kinachomsibu. Mtoto akasema. Ilikuwa miezi ya njaa, mahindi bado machanga shambani. Kila jioni mama yake alikitoa kinu uani, akamwaga humo pumba za zamani, akatwanga kwa nguvu ili majirani wasikie na kuamini kwamba nyumba ile nayo itasonga ugali. Alipomaliza kusimulia, Shakila alimshika mkono. “Mwalimu, usimwambie mtu.”

Na kweli hakumwambia mtu. Aliiambia mashine.

Alikuwa ameteuliwa kuandaa vitabu huria vya kusoma, vya bure, ambavyo shule yoyote ina ruksa ya kuvinakili, kuvichapa, hata kuvibadili. Akili mnemba ilimrahisishia kazi, lakini hadithi zake zilikuwa chapwa. Watoto wa humo walikula tufaha na kucheza kwenye theluji. Muda ukambana. Akaiandikia habari ya kinu na kuiagiza ibadili majina. Shakila akawa Neema, Mandawa ikawa Mtoni. Pumba zilibaki, kwa sababu hakuiagiza izitoe, na hakuiagiza kwa sababu ndizo zilizoinogesha hadithi. Wakubwa wa Nachingwea walimpigia makofi, naye akayapokea yote.

Wakati wa mapumziko alimuuliza Mwalimu Anuari, mwenye darasa, watoto walijuaje.

“Hapa nani asiyejua mlio wa kinu cha jirani yake?” Anuari alisema kwa sauti ya chini. “Watu walijua tangu siku zile, ila kila mmoja alinyamaza. Walimsitiri. Kitabu ndicho kilichowafungua midomo. Sasa mama yake Shakila akitwanga tu, watoto wanamzomea, Mama Neema, Mama Neema. Na yeye anaamini bintiye ndiye aliyemtangaza. Hawasemeshani humo ndani.”

Baada ya masomo, njiani kwenda kwa Mama Shakila, Scholastika alijipangia maneno. Majina yalibadilishwa. Mashine ndiyo iliyoandika. Nia ilikuwa njema. Kila alipoyarudia aliyaona yanamkimbia. Alipopiga hodi hakuwa amebaki na hata moja.

Mwanawetu, mama yake Shakila, alimkaribisha vizuri, kama zamani. Shakila alikuwa amesimama karibu na kigoda, lakini mama alimpita kama anayepita mti, akakichukua mwenyewe na kumpa mgeni.

Scholastika hakukaa. “Mama Shakila, si mtoto aliyekutangaza. Ni mimi. Aliniambia mimi peke yangu, akanisihi nisimwambie mtu. Nikaitia habari hiyo kwenye kompyuta, ikawa kitabu. Yeye hana kosa lolote.”

Mwanawetu akamkazia macho. “Basi kifute.”

“Nitakifuta kwetu. Lakini kimekwisha kunakiliwa, Mama Shakila. Ruangwa wanacho, na kwingine sikujui. Walio nacho wanacho.”

“Ulikuja kumwuliza mwanangu kabla ya kukitoa?”

“Hapana.”

“Mimi je?”

Scholastika alitikisa kichwa. Machozi yalimlenga, akayaona hayana haki ya kutoka mbele ya watu wale.

Mwanawetu akamgeukia binti yake. “Njoo, mwanangu.” Shakila alikuja, akajibanza nyuma ya mama, na kutoka pale akamtazama mwalimu wake kama mtu asiyemfahamu. Mama akampapasa kichwa. Kisha akakiburuta kinu hadi katikati ya ua.

“Njoo uchungulie, mwalimu.”

Scholastika akainama. Kinu kilijaa mahindi ya msimu huu, meupe, makavu.

“Twanga.”

Aliushika mchi, akatwanga. Mara ya kwanza mchi uligonga ukingo, kisha mlio ukakaa sawa, mzito, ukavuka ua wa mabua hadi njiani. Huko nje vicheko vikaanza.

“Mama Neema! Pumba hizo!”

Scholastika alisimamisha mchi hewani, akamtazama Mwanawetu.

“Endelea,” Mwanawetu alisema. “Mwaka huu tumevuna.”

Akaendelea kutwanga, punje zikimrukia miguuni, na nje ya ua watoto wakazidi kucheka.