Matone Mawili Nyuma ya Nyumba

Mdogo wangu Kasian alimvunja taya mume wa mtu mbele ya simu zaidi ya ishirini, na kosa lilikuwa langu. Naanza hapo hapo. Mimi ni Mhehe, sijui kuzungusha maneno.

Naitwa Benedicta. Nimezaliwa Kalenga, nimeolewa huku Uyole, na mguu wangu wa kushoto ni mwembamba kama mpini wa jembe. Ni polio. Siku wenzangu walipopewa matone, mama alikuwa anapalilia mahindi, akasema atanipeleka kesho. Kesho hiyo haikufika. Shuleni walinicheka, na kila aliyenicheka Kasian alimpiga. Mtoto wa miaka minane! Alimng'oa mtoto wa katekista meno mawili, akachapwa na mwalimu, akatoka hapo akaenda kumpiga tena. Ngumi alijifunzia kwenye mguu wangu. Leo ni bondia anayejulikana nchi nzima. Ameshalaza watu kumi na saba chini, na mmoja wao alikaa siku mbili bila kuamka.

Basi ilipokuja ile kampeni ya chanjo ya polio ya nyumba kwa nyumba, wakatafuta mtu maarufu wa kuhamasisha, na Kasian akakubali kabla hawajamaliza kumweleza. Picha yake ikabandikwa soko zima la Uyole, ngumi mbele, chini imeandikwa: "Ngumi mbili zangu, matone mawili yako." Mchanjaji wa mtaa wetu nilikuwa mimi. Siku mbili za kwanza tulitembea pamoja, watu wakafunga vibanda kutufuata, kina mama wakaleta watoto mbio, hata waliokwisha kuchanjwa, wenye alama ya wino kidoleni, walitaka kurudia. Nilivimba kichwa, nakiri.

Siku ya tatu tukafika kwa mzee Andendekisye. Tulimkuta kwenye kiti chake uani, mbele ya mlango, kofia magotini. Alitukaribisha vizuri kabisa. Nikamuuliza kama kuna mtoto mdogo.

"Yupo mjukuu wangu, Anyitike," akasema. "Ana mwaka na nusu. Yuko ndani na mama yake."

Nikaita, "Mama Anyitike! Mlete mtoto!" Kimya. Nikaita tena. Sauti ndogo ya mwanamke ikajibu kutoka ndani: "Siwezi kutoka."

Sasa nisikilize. Miaka kumi na moja nimeolewa na Mnyakyusa. Najua. Kwa familia zinazoshika mila, mke wa mtoto haonekani mbele ya baba mkwe. Hapiti alipokaa, hawatazamani. Wengi wameshaacha, lakini mzee Andendekisye hakuacha, na mtaa mzima unajua. Kiti kile cha mzee ndicho kilichomfungia Tumpe, mama Anyitike, ndani. Ilinipasa nimwombe mzee asogee, au niukokote mguu wangu mpaka mlango wa nyuma, hatua thelathini tu. Basi, yangeisha.

Lakini simu zilikuwa juu zikimrekodi mdogo wangu. Dereva mmoja wa bodaboda akapayuka, "Anagoma huyo! Bingwa, mwonyeshe!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi nikanyamaza. Nilitaka wamshangilie kidogo tena, Mungu anisamehe. Wanasema kimya kingi kina mshindo. Changu kilikuwa na mshindo wa mlango.

Kasian alifura mpaka shingo ikajaa mishipa. "Mtaleta kesho, siyo? Hiyo kesho yenu ndiyo iliyomlemaza dada yangu!" Akaupiga mlango teke. Bawaba ziling'oka, mlango ukamwangukia Tumpe aliyekuwa amesimama nyuma yake. Kitenge kikamtoka kichwani. Akawa wazi mbele ya macho ya baba mkwe wake, damu inamchuruzika juu ya jicho, mtoto analia chini ya mbao. Mzee akajifunika uso kwa kofia. Tumpe hakulilia jeraha, alililia aibu. Alimvuta mtoto, akatambaa naye kurudi gizani, huku akitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu.

Mumewe, Shedrack, alikuwa anachimba viazi chini ya bustani. Alitokea na jembe. Hakuuliza kitu. Kasian aliinama, jembe likamchana shati na nyama ya bega, halafu ngumi ikatoka. Moja tu. Niliisikia taya. Shedrack akaanguka kifudifudi, meno vumbini, na Kasian akamgeuza, akampiga tena akiwa chini, na tena, mpaka nilipomrukia mgongoni na kumng'ata sikio. "Umemuua! We Kasian, umemuua mtu!"

Hakufa, ashukuriwe Mungu. Lakini kufika jioni video ilikuwa imefika mpaka Igawa na kwingine kote. Haikuwa na "siwezi kutoka," wala kiti cha mzee. Ilikuwa na bingwa wa matone anampasua baba wa mtoto, basi. Asubuhi yake nikagonga milango arobaini na haukufunguliwa hata mmoja. Sokoni picha za Kasian zilikuwa zimetobolewa macho. Mwenzangu Tekla, mchanjaji wa mtaa wa jirani, alipigwa mawe, kisanduku chake cha chanjo kikapondwa, akarudi na kichwa kimepasuka. Chanjo ilishakuwa adui. Wakubwa wakatuongezea siku nne kwa ajili ya mtaa wetu, na tatu zikapita bure. Mimi nilikuwa naona miguu tu. Kila mtoto anayekimbia njiani nautazama mguu wake.

Polisi walimhoji Kasian. Shedrack, taya imefungwa waya, aligoma kushitaki. Aliandika kwenye karatasi: "Namtaka yeye. Jela siitaki."

Usiku huo nikamwambia Kasian yote, mila, kiti, mlango wa nyuma. Akaanza kuupiga ukuta pembeni ya kichwa changu, akapiga mpaka vidole vikapasuka, plasta ikanidondokea mabegani.

"Dada, kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nafurahi kukuona."

Nilijiona mchafu kuliko matope.

Siku ya mwisho, saa sita mchana, akaenda mwenyewe kwa mzee Andendekisye, na mimi nyuma yake na kisanduku changu. Ua ulijaa watu wenye mawe. Kasian akapiga magoti. Akasema amekuja kulipa, na ng'ombe wa kusafisha aibu ya mkwe atamleta.

"Ng'ombe nitampokea," mzee akasema. "Lakini mwanangu anataka chake kwanza."

Kasian akasimama, akaweka mikono nyuma, akanigeukia. "Nifunge, dada. Mikono yangu haina adabu."

Nikavua kanga niliyojitanda, nikamfunga. Shedrack akachukua mchi wa kinu. Pigo la kwanza lilimpata mbavuni, nikasikia pumzi ikimtoka. La pili begani, palepale pa jembe, damu ikaruka. Watu walikuwa wanapiga kelele "Tena! Tena!" na simu zilezile ziko juu. La tatu likashuka kwenye goti la kulia, la mguu uliovunja mlango. Goti likakatika kama kuni. Kasian akaanguka, akanitafuta kwa macho.

"Nenda nyuma, dada!" akanifokea. "Unangoja nini? Nenda!"

Nikaenda. Hatua thelathini, nazikokota moja moja, na kila hatua nausikia mchi ukitua kwenye mwili wa mdogo wangu. Nilikuwa nalia kwa sauti, sina aibu kusema.

Tumpe alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mshono juu ya jicho, mtoto kiunoni.

"Wanamuua?" akauliza.

"Wanampiga."

Akanitazama mguu, halafu usoni. "Siku ile nilikuja hapa kwanza," akasema. "Nikasimama hapa hapa na mtoto. Nikajua utazunguka, maana wewe ni mke wa huku. Nikakusubiri. Ulipozidi kuita kule mbele ndipo nikarudi kukwambia siwezi."

Nikafungua kisanduku changu.

Akamlaza mtoto mkononi, akamminya mashavu. Tone la kwanza. Kule mbele mchi ukalia. Tone la pili. Anyitike akakunja uso, akameza. Nikampaka wino kidole kidogo cha kushoto, na mara Tumpe akainua kichwa akapiga ukelele uliopita juu ya paa: "Baba Anyitike, inatosha! Mtoto ameshakunywa! Inatosha!"

Mchi ukanyamaza. Baadaye waliniambia ni mzee mwenyewe aliyeinuka na kuudaka, kwa sababu Shedrack alikuwa hasikii tena.

Nilimkuta Kasian chini, uso umevimba haujulikani, mikono bado imefungwa kwa kanga yangu. Kama angetaka kuikata angeikata. Alifumbua jicho moja.

"Amekunywa?"

"Amekunywa."

"Basi nenda kwa wengine. Mimi siendi popote."

Wakambeba mpaka hospitali. Waliokuwa uani wakatangulia kusimulia kwamba deni limelipwa, na milango ikaanza kufunguka. Mimi nilizunguka mtaa mzima mpaka jua linazama, kila nyumba kwa mlango wa nyuma, bila kuita, bila simu ya mtu. Walikunywa watoto sitini na mmoja.

Kasian hajapanda ulingoni tena. Goti halikukubali. Ng'ombe tulimpeleka sisi wawili, mimi nachechemea kushoto, yeye kulia, tumeshikana mabega tusianguke. Anyitike alitukimbilia mpaka njiani, mbio kabisa, miguu yote miwili, akasimama kututazama. Kisha akaanza kutuiga, anachechemea, anacheka. Mama yake akamkemea kutoka nyuma ya nyumba.

"Mwache," Kasian akamwambia. "Mwache acheke."