Mashine ya Shemeji

Muli wa Tulia alijua injini, na hilo ndilo lililomponza. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameendesha mashine ya posho pale sokoni Tulia. Mtu akileta mahindi yenye unyevu, Muli aliyajua kwa mlio wa injini tu, na mwenye mahindi akakosa la kujitetea. Alikuwa na kanuni moja, nayo aliirudia mpaka waumini wenzake kanisani wakaichoka: usinunue injini inayotosha, nunua inayozidi. Inayotosha huzeeka mapema.

Kwa hiyo mwaka wa 1990, shemeji yake Kiema alipotaka injini ya boti, hakuna aliyefikiria kumtuma mtu mwingine. Kiema alikuwa amemwoa Nzilani, dada yake Muli. Ukame ulimchosha na shamba la Matinyani, akahamia kando ya bwawa la Kiambere, akajifunza uvuvi ukubwani na kuunda boti ndogo ya mbao. Boti ile ndiyo iliyowalisha yeye na mkewe. Lakini samaki walikuwa wamesogea mbali, na mabega yake yalikuwa yameanza kukataa makasia.

"Wavuvi wa hapa wameniambia ya nguvu za farasi nane inatosha," alisema Kiema siku alipomkabidhi Muli pesa za fahali aliyemuuza. Kisha akampa uzi mrefu wa katani, wa aina ile ile aliyofumia Nzilani vyondo, vikapu vyake. Ulikuwa na mafundo matatu. "Hapa ni urefu wa boti. Hapa ni upana. Na hii fupi ni ule ubao wa nyuma, pale mashine inakaa. Wakikuuliza huko Mombasa, wewe wape huu uzi wapime."

Muli aliutia mfukoni mwa koti. Moyoni alicheka. Injini ipimwe kwa uzi?

Dukani Mombasa alihudumiwa na mzee mpole mwenye miwani, aliyeuliza yale yale matatu: urefu, upana, na kimo cha ubao wa nyuma. Mkono wa Muli uliingia mfukoni ukaukuta uzi. Lakini nyuma yake walikuwa wamesimama mabaharia wawili wakingoja zamu yao. Autoe uzi wa kiondo mbele ya watu kama hawa, waseme Mkamba amekuja kufunga mbuzi? Akautoa mkono mtupu.

"Ni boti ya kawaida," alisema.

"Ya kuvulia bwawani? Basi nane yakutosha, bwana. Ukizidisha, nyuma italala."

Muli alikuwa ameshaiona nyingine pembeni, ya farasi ishirini na tano. Ilikuwa imetumika kidogo, ina shingo nene na uzito wa kubebwa na wanaume wawili. Akaongeza pesa zake mwenyewe, alizoweka za mabati ya nyumba, ili asije mtu akasema Muli alimbania shemeji. Njia nzima ya kurudi alikuwa na furaha kubwa.

Kiema aliitazama ile mashine kwa muda. Akaenda kwenye boti, akaweka kiganja juu ya ubao wa nyuma, akapima shubiri moja, ya pili, kisha akaondoa mkono. Kama Muli angekuwa rafiki tu, Kiema angesema irudishwe. Lakini alikuwa shemeji, tena kaka wa mkewe, na kwao kuna ile haya ya ukwe inayomfunga mtu mzima mdomo. Wao wenyewe huiita nthoni.

"Umefanya kazi kubwa, shemeji," alisema. "Asante sana."

Walipoifunga, nyuma ya boti ilishuka mpaka maji yakabaki vidole vinne tu kufikia ukingo wa ubao. Kiema alipanga mifuko ya mchanga mbele bila kusema lolote. Muli akashika usukani, pua ya boti ikainuka juu, watu ufukweni wakapiga makofi. Ule ukimya wa Kiema aliuhesabu kuwa ni shukrani.

Miezi mitano ilipita. Kila Muli alipotuma salamu kwamba anakuja, aliikuta mashine imefungwa, imepanguswa, inang'aa. Safari ya mwisho alikuja akitaka kuona mambo kwa macho yake, huko mbali penye samaki.

"Leo kuna upepo, shemeji," alisema Kiema.

"Na nguvu yote hii?" Muli akacheka. "Twende."

Kiema aliitazama nyumba yake mara moja, akavuta kamba ya kuwashia. Boti iliruka. Muli alifurahi kama mtoto, akapaza sauti kwamba iongezwe, nayo ikaongezwa. Katikati ya bwawa kofia yake ilipeperuka. "Simama, simama!" alisema, na Kiema, aliyekuwa hajawahi kumkatalia neno, akazima ghafla. Wimbi la boti yenyewe likawafuata kutoka nyuma, likaupanda ule ubao mfupi kana kwamba haupo, likaingia lote. Mashine ikavuta chini. Ubao ukang'oka, na boti ikazama pamoja na nyavu zote.

Muli hakujua kuogelea. Kiema alimshika ukosi wa koti kwa mkono mmoja, mwingine ukikumbatia kasia, mpaka wavuvi wenzake wakawafikia. Ufukweni, neno la kwanza alilosema Kiema lilikuwa hili:

"Pole sana, shemeji. Nimezamisha mashine yako."

Nzilani hakufungwa na haya yoyote. Alimwita kaka yake nyuma ya nyumba.

"Alikuwa anaenda na makasia," alimwambia. "Siku zote. Hiyo mashine ilikuwa inalala chini ya gunia. Tukisikia unakuja ndio anaamka mapema kuifunga, usije ukaona aibu."

Muli alitia mkono mfukoni mwa koti lililolowa. Uzi ulikuwemo, mafundo yote matatu.

Kiema hakupata boti nyingine. Alikwenda Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, akawa mlinzi wa uwanja yanapoegeshwa malori, naye Nzilani akarudi Matinyani kwenye shamba lile lile. Ilimchukua Muli miaka miwili kupata ujasiri wa kwenda kumwona Kiema. Alimkuta amevaa koti la kazi lililomzidi, amenenepa kidogo kwa kukaa. Kiema aliagiza chai kibandani, akampangusia benchi.

Muli aliweka uzi mezani.

"Shemeji, huu uzi sikuutoa. Niliulizwa, na ulikuwa mfukoni. Niliona aibu."

Kiema aliuchukua, akaupitisha polepole kati ya vidole mpaka fundo la mwisho, lile la ubao, akasimama hapo. Muli alingoja. Alitaka kutukanwa, alitaka hata kupigwa, mbele ya madereva wote wale. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka hicho.

Kiema akaukunja uzi vizuri, akaurudisha upande wa Muli.

"Ilikuwa na nguvu kweli, ile mashine," alisema. "Kunywa chai, shemeji. Inapoa."