Kifuniko cha Rejeta

Uliliona. Usijitie hamnazo. Jumanne asubuhi gari lilikuwa limesimama mbele ya duka la vioo, boneti juu, mvuke unafuka, na Shangazi yangu ameketi kwenye ukingo wa barabara, blanketi magotini, mkoba wa hospitali ubavuni. Wewe ukavuka upande wa pili, ukaanza kukagua vioo dukani kana kwamba kwako madirisha yote yamevunjika. Ulivaa shati la mistari, kifungo cha pili kimekatika. Mimi sisahau. Kukumbuka ndiyo kazi pekee ambayo sijawahi kuachishwa.

Gari lile ni letu sote wa jengo la ghorofa nne. Tulilichangia mwaka ule kampuni ya mabasi ilipofuta njia ya hospitali, ikaahidi kuirudisha baada ya miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu sasa ina umri wa miaka kumi na mmoja. Shangazi figo zake zimegoma. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni lazima aunganishwe na mashine imsafishe damu. Wanaompeleka ni majirani kwa zamu: mwokaji mikate wa chini, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, wengine watano, na wewe. Gari tulilipa jina la Bibi Harusi, kwa sababu haondoki mahali bila kundi la watu kumsindikiza kwa nyuma.

Sheria yake niliiandika mimi. Mimi shule niliishia darasa la sita. Mengine nimejifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa mikate, na kiwandani nilifukuzwa kwa kosa la kuwasomea wenzangu mkataba wao kwa sauti saa ya chakula. Huko nilishuhudia meneja akiunguza mashine, adhabu akabebeshwa mfagiaji. Nikaapa kwetu haitakuwa hivyo. Nikaandika, nikabandika ukutani kwenye chumba cha kufulia: Atakayeliharibu gari atasimama mbele ya mkutano ajieleze. Mwaka wa kwanza fundi cherehani akavunja kioo cha pembeni. Nilimsimamisha dakika arobaini. Niliporudi nyumbani nilijiona nimetenda haki, nikalala usingizi wa pono.

Jumanne hiyo gari lilizima mara tatu. Shangazi alifika amechelewa kwa saa mbili, mashine amepewa mwingine. Akarudi miguu imevimba, viatu mkononi. Muuguzi alisema Alhamisi asikose kwa hali yoyote ile. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo hunyoosha kidole kabla ya kusema, akaitisha mkutano Jumatano saa tisa alasiri. Hoja yake, aliyoniambia jioni ileile ya Jumanne, ilikuwa moja: gari limechoka, liuzwe, tununue jingine. Nilimuuliza hilo jingine litafika lini. Akasema mpaka taratibu zikamilike, labda miezi mitatu. Nilicheka mpaka akanuna.

Kucheka hakuwashi gari, lakini. Jumatano hiyohiyo asubuhi tulilisukuma hadi kwa Fundi, mwanamke mwenye gereji nyuma ya ghala la mbao. Huyu hana maneno mengi; akikuuliza swali, ujue jibu analo. Akainua boneti, akachungulia, akavuta kigoda akakaa. Sijawahi kuona fundi amekaa namna ile mbele ya gari, kama mtu aliyeletewa msiba.

"Hili gari lina mafundi wangapi?"

Nikamwambia ni yeye tu. Akaanza kunionyesha kimoja kimoja. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka, umezungushiwa kitambaa cha jinzi kilichoshonwa mishono midogo iliyonyooka, nadhifu kuliko suruali yangu. Feni ilikuwa imelegea, imeshikizwa kwa kipande cha bati jeusi ambacho bado kilikuwa na ukoko wa mkate. Waya wa geji ya joto ulikuwa umekatwa, ndiyo maana mshale ulilala chini mwaka mzima tukidhani gari limepoa, kumbe linachemka. Na rejeta ilikuwa na kifuniko kisicho chake, cha gari jingine kabisa, kinachoachia maji kidogo kidogo njia nzima.

Zile ncha za waya uliokatwa zilikuwa zimefungwa kwa plasta nyeupe ya hospitali. Plasta hiyo naijua. Kwetu imejaa droo nzima.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Shangazi alikuwa amelala, miguu juu ya mito. Nikamnyooshea ile plasta usoni.

"Kwanza shikamoo," akasema.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ndiyo, yangu. Waya alikata mwokaji, mimi nikafunga. Mshale ulikuwa unapanda, anataka kusimama katikati ya barabara, na mimi nachelewa."

Alikuwa anajua yote. Abiria wa kiti cha mbele ni yeye, angekosaje kujua? Mpira ulipopasuka, fundi cherehani aliushona palepale kando ya barabara kwa sindano aliyoichomoa kwenye kola yake. Kila mmoja alimwomba asinifikishie. Kifuniko tu ndicho hakujua habari zake. Kilibadilishwa akiwa ndani, amelala kwenye mashine.

Nikamuuliza vipi alinyamaza mwaka mzima, mimi mtoto wa kaka yake.

"Nikimtaja mmoja kwako, utamsimamisha," akasema. "Ukimsimamisha, Alhamisi atanipeleka nani? Wewe mwenyewe hata leseni huna."

Nimewahi kugombana na mameneja watatu na mkurugenzi mmoja, na wote niliwajibu. Huyu mgonjwa aliyelala chali nilimpangia mito miguuni, nikashuka ngazi.

Saa tisa tulijazana chumba cha kufulia, watu wamekalia mabeseni yaliyogeuzwa. Juu ya meza nilipanga mpira wenye jinzi, bati, waya na plasta yake, na kifuniko. Fundi cherehani akainamisha kichwa. Mwokaji akaanza kupima kwa macho umbali wa mlango. Walikuwa wananijua, walikuwa wanangoja niwavue nguo hadharani. Mwenyekiti akanyoosha kidole, akasema si mnaona wenyewe, gari limechakaa, liuzwe.

Fundi nilikuwa nimekuja naye. Alisimama mlangoni, mikono na oili.

"Injini ni nzima," akasema. "Hivyo vidude vinne nabadilisha leo. Lakini mkinunua jingine, nalo mtalishona. Mwaka ujao mtaniletea lina viraka."

Hapo ndipo niliposimama. Nikasema aliyeliharibu gari ni mimi, na nimeliharibu kwa kalamu. Nikabandua ile karatasi ukutani, nikaigeuza, nikaandika nyuma: Ukisikia kitu kinalia, andika kwenye daftari la gari. Hakuna atakayesimamishwa. Nikaibandika tena palepale.

Fundi cherehani akainua kichwa.

"Na dakika arobaini zangu?"

Watu wakacheka mpaka beseni moja likapasuka. Nikamwambia anisimamishe hata saa nzima, ana haki. Akasema sawa, basi nisikae mpaka kura ziishe. Nikabaki nimesimama. Mwokaji akakiri bati na waya kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na hakuna aliyeguna. Kisha mikono ya kutengeneza ikapanda, karibu chumba kizima. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, na aliinua kidole tu, kama kawaida yake.

Alhamisi aliendesha mwokaji. Kwenye mlima wa soko mshale ukaanza kupanda, safari hii mbele ya macho ya wote. Mwokaji akasema kwa sauti, "Linapanda." Shangazi akasema, "Tumeliona." Feni ikavuma, mshale ukashuka. Tulifika robo saa kabla ya wakati, na Shangazi akawa wa kwanza kwenye benchi. Alinifukuza nisije nikaanza kuwahutubia wauguzi.

Sasa wewe. Mpira umepata mwenyewe, bati na waya vimepata mwenyewe, plasta imepata mwenyewe, sheria imepata mwenyewe. Kifuniko bado. Mkutanoni hukuja. Wenye zamu ya kuendesha ni wanane: saba wameshaandika kwenye daftari, na hakuna kati yao aliyegusa kifuniko; mmoja hajaandika. Cha asili unacho, na kile alichotufungia Fundi amekiazima kwenye gari lake mwenyewe. Anakitaka Ijumaa jioni. Jumamosi Shangazi anakwenda tena, na Jumamosi ni zamu yako.

Daftari liko kwenye kiti cha mbele, kalamu imefungwa kwa uzi wa fundi cherehani. Sitakusimamisha, sitakuuliza kwa nini. Kunja karatasi hii, chukua kifuniko hicho, shuka ngazi sasa hivi uandike.