Maneno Matatu ya Delfina

Jumapili ile Gualtiero aliiweka redio juu ya kaunta ya baa yake, akafunga chumba cha karata, akatangaza sheria: opera ikianza, kahawa hakuna. Mashine yake ya kahawa ilikuwa na kelele za kuamsha maiti, na sisi tulikuwa tumekuja kumsikiliza Delfina.

Delfina wa Artemio, mtoto wetu wa hapa Langhirano, leo anaimba Milano na redio inarusha moja kwa moja, nchi nzima inasikia. Anaimba, tuseme hivyo. Ndani ya opera yeye ni mjakazi, na sehemu yake yote ni maneno matatu: "Bibi, wageni wamefika."

Mimi Ines, fundi cherehani, sikufuata maneno matatu. Nilitaka kumwona baba yake. Kazi ya Artemio ni kupima mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi, anayachoma kwa sindano ya mfupa wa farasi, ananusa sindano, anasema zuri au bovu, na habishiwi. Waimbaji nao anawafanyia hivyo hivyo. Kule Parma, kwenye jumba la opera, viti vya juu kabisa wanakokaa wenye masikio na wasio na pesa, ameshawapigia miluzi ya kuwazomea watu wazima mpaka wakalia. Binti yake tu ndiye hajamwambia kitu. "Siku utakayoimba na okestra nitakuambia," alimwambia, na Delfina akawa anaingoja siku hiyo tangu anasukwa mikia miwili.

"Sasa mbona hukwenda Milano, mzee?" Oddone mwuza nyama alimchokoza.

"Redio haina gauni la kunidanganya."

"Sema unaogopa."

"Nyamaza, wanaanza."

Wakaanza. Tenori, yule mwanamume wa sauti nyembamba, alipanda juu, sauti ikamkwaruza, na Artemio akatia vidole viwili mdomoni akaipigia redio mluzi uliomtoa paka chini ya meza.

"Hakusikii, Artemio!" nikamwambia.

"Atasikia. Milano si mbali."

Mwimbaji mkuu wa kike alipomaliza wimbo wake, Oddone alisimama akapiga kelele, "Rudia, mama! Rudia!" Artemio akamwambia masikio yake yamejaa mafuta ya nguruwe. Wakatukanana kwa raha zao, mpaka Gualtiero akagonga kaunta: zamu ya mjakazi inakaribia. Artemio akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Nilimwonea huruma, na mimi huyo mzee kwa kawaida simwonei.

Ndipo mlango ukafunguka. Mjerumani mmoja, kaptula na ramani, akanyata mpaka kaunta, akanong'ona kwa adabu zote: "Kapuchino, tafadhali."

Saa kumi alasiri! Kwetu kahawa ya maziwa ni ya asubuhi. Ukiinywa baada ya chakula cha mchana watu watakuuliza unaumwa nini. Gualtiero alishtuka hata sheria yake ikamtoka kichwani. Alibaki kumkodolea macho mgeni, na mkono wake, uliozoea kutii kila anayeagiza, ukafungua mvuke.

Mashine ikanguruma, ikapiga mluzi, ikakohoa. Ilipokuja kunyamaza, wageni kule redioni walikuwa wameshafika na wanaimba kwa pamoja.

"Wewe na tumbo lako!" Oddone akamfokea Mjerumani, ambaye maskini alidhani anakaribishwa, akatabasamu.

Artemio hakufoka. "Amekwisha?" akaniuliza.

"Amekwisha," nikasema.

Wakati wa mapumziko simu ya baa ikalia. Gualtiero alimpa Artemio mkono wa simu bila kumtazama usoni, na sote tukasogea, maana Delfina ana sauti ya kusikika hata akinong'ona.

"Baba! Ulinisikia?"

Artemio akatugeukia. Sote tukamwitikia kwa vichwa: sema ndiyo, sema ndiyo.

"Nilikusikia."

"Ehe? Sema basi!"

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, mwanangu."



"Baba, hukunisikia."

"Nani kasema?"

"Tangu nizaliwe hujawahi kusema nzuri sana. Hata mkate wa Mama hukuwahi kuuambia."

Mzee akashusha pumzi. "Mjerumani," akasema. "Kaagiza maziwa. Saa hizi, Delfina. Mashine ikapiga kelele, na mimi nimekaa hapa na masikio yangu mawili, sikupata kitu."

Tulidhani analia kule. Kumbe anafunga mlango wa korido. "Basi ngoja," akasema, na Gualtiero akazima redio haraka.

Akaimba, bila okestra, kwenye korido ya watu: *Bibi, wageni wamefika.*

Artemio alifumba macho. "Neno la mwisho umelimeza."

"Nimelimeza?" Sijapata kusikia mtu akifurahia kukosolewa namna ile. "Nimelimeza kweli, Baba?"

"Zima zima. Tena."

Akaimba tena. Safari hii lilitoka lote, safi, na Oddone akanifinya mkono mpaka nikamkanyaga mguu.

"Tena," akasema Artemio.

Akaimba.

"Tena."

"Baba, sasa nimekosea wapi?"

Mzee alijifuta uso kwa kofia. "Hujakosea popote," akasema. "Tena."